Gemu Moja, Mashine Moja: Haki za Pekee Zinavyoamua Mtaji wa Kibanda cha Buhare

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayetaka kuweka mashine mbili za gemu pale Buhare, jirani na wanafunzi wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii, huanza kwa kuuliza bei ya mashine Kariakoo. Halafu huuliza bei ya televisheni, nauli ya mzigo hadi Musoma na kodi ya chumba. Ni mara chache kuuliza jambo ambalo ndilo litaamua kama mtaji wake utarudi: gemu ambayo vijana wataifuata ni mali ya nani, imeruhusiwa kuchezwa kwenye mashine ipi, na ruhusa hiyo inakwisha lini.

Biashara ya gemu duniani imejengwa juu ya haki za pekee. Kampuni inayouza mashine hulipa, hukopesha au hununua kabisa ili gemu fulani ipatikane kwake tu, na mteja anayeitaka gemu hiyo alazimike kununua mashine yake. Mashine yenyewe mara nyingi huuzwa kwa faida ndogo au hata hasara. Fedha ziko kwenye gemu, na kila gemu ya kampuni nyingine inayouzwa kwenye duka la mashine hiyo humlipa mwenye duka sehemu yake, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30.

Wasomaji wetu hawahitaji kwenda mbali kuelewa jambo hili. Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya Shs. bilioni 225.6. Mwenye kibanda cha kuonyesha mpira aliyekuwa na king'amuzi cha kampuni nyingine hakuwa na la kufanya. Na kabla ya hapo, mwaka 2007, kampuni ya GTV iliingia katika nchi kadhaa za Afrika ikiwa na sehemu kubwa ya haki za Ligi Kuu ya Uingereza, ikauza madishi na ving'amuzi, kisha Januari 2009 ikafunga shughuli ghafla. Wenye vibanda walibaki na vyuma juu ya paa.

Gemu zina tabia hiyo hiyo, isipokuwa mkataba wake hausomwi hadharani, na anayeumia hajui hata kama kulikuwa na mkataba.

NYAVU ZA TAJIRI

Mkazi yeyote wa Musoma anaujua mkataba wa aina hii kwa jina jingine. Mvuvi asiye na nyavu wala mashine ya boti huvipata kwa tajiri au kwa wakala wa kiwanda cha samaki. Hatozwi riba. Sharti lake ni kwamba sangara wote watakaopatikana atamuuzia tajiri huyo peke yake, kwa bei ambayo mara nyingi iko chini ya ile inayosikika mwaloni. Mkulima wa pamba wa Bunda aliyechukua mbegu na dawa kwa mkataba anaijua pia.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ndiyo iliyouweka utaratibu huu kwenye gemu kwa ukali kuliko wengine. Katika miaka ya 1980, mtengenezaji aliyetaka kuuza gemu kwa ajili ya mashine ya NES nchini Marekani alikubali kutotoa zaidi ya gemu tano kwa mwaka. Alikubali pia kutoipeleka gemu hiyo kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili, na katriji zote zitengenezwe na Nintendo yenyewe, naye azilipie mapema. Ndani ya mashine iliwekwa chipu iliyokataa katriji yoyote isiyopitia mlango huo. Huyo alikuwa tajiri wa mwaloni hasa: ana boti, ana mizani, na ana ufunguo wa ghala.

Baadaye ushindani ulileta njia laini zaidi. Sony ilipoingia sokoni na PlayStation (Japani Desemba 1994, Marekani na Ulaya Septemba 1995) ilitumia CD, ambazo ni rahisi kutengeneza kuliko katriji. Kampuni ya Square, iliyokuwa ikitoa mfululizo wa Final Fantasy kwa Nintendo, ikahama na gemu yake ya saba mwaka 1997. Hapo sababu kubwa ilikuwa nafasi na gharama. Lakini kwa Grand Theft Auto III ya mwaka 2001 na zile zilizofuata mara moja, Sony iliingia makubaliano ili zianzie PlayStation 2, na wengine wangoje.

Mfano ulio wazi zaidi kwa hesabu ni wa Microsoft. Kampuni hiyo ililipa dola milioni 50 kwa Take-Two ili sehemu mbili za nyongeza za Grand Theft Auto IV zitoke kwenye Xbox 360. Ya kwanza ilitoka Februari 2009, ya pili Oktoba mwaka huo. Aprili 2010 zote mbili zilikuwa zimefika PlayStation 3. Kwa hiyo dola milioni 50 zilinunua takriban miezi 14 kwa sehemu moja na nusu mwaka hivi kwa nyingine. Mfanyabiashara aangalie vizuri bidhaa iliyonunuliwa hapo: ni muda. Gemu ilibaki mali ya Take-Two.

Njia ya tatu ni kununua mtengenezaji mzima. Sony ililipa dola milioni 229 mwaka 2019 kuichukua Insomniac, waliotengeneza gemu ya Spider-Man ya mwaka 2018. Microsoft ilinunua ZeniMax, wenye Bethesda, kwa dola bilioni 7.5, ununuzi huo ulikamilika Machi 2021, na Starfield ilipotoka Septemba 2023 ilipatikana kwenye Xbox na kompyuta tu. Kisha likaja lile la Activision Blizzard, wenye Call of Duty, lililotangazwa Januari 2022 kwa dola bilioni 68.7. Serikali ya Marekani ililipinga mahakamani, Uingereza ililizuia kwa muda, na likapita Oktoba 2023 baada ya Microsoft kuahidi mambo kadhaa. Moja ni mkataba wa miaka 10 na Sony, wa Julai 2023, kwamba Call of Duty itaendelea kutoka kwenye PlayStation. Haki za kuichezesha kwa njia ya mtandao nje ya sehemu kubwa ya Ulaya zilikwenda kwa Ubisoft. Mali moja, mashamba matatu.

NENO MOJA LA MOSCOW

Hata hivyo, kesi inayofundisha zaidi kwa mtu mwenye mtaji mdogo ni ya Tetris, ile gemu ya matofali yanayoshuka ambayo kila aliyekua na kigemu cha mkononi anaijua.

Iliandikwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtumishi wa Chuo cha Sayansi cha Moscow. Kwa sheria za Urusi ya wakati ule haki zilikuwa za dola, na muuzaji alikuwa Elorg, shirika la serikali la biashara ya nje. Mfanyabiashara wa London, Robert Stein, aliwasiliana na Moscow kwa teleksi na kuanza kuuza haki kwa wengine kabla hajasaini chochote. Waliouziwa wakawauzia wengine. Mlolongo ukafika kwa kampuni ya Atari Games, ambayo kwa jina la Tengen ilitengeneza katriji za Tetris kwa ajili ya mashine ya Nintendo.

Februari 1989 Henk Rogers, aliyekuwa akiitafutia Nintendo haki za mashine ya mkononi, alikwenda Moscow bila mwaliko na kugonga mlango wa Elorg. Akaweka mezani katriji ya Tetris iliyokuwa ikiuzwa Japani. Nikolai Belikov wa Elorg alishangaa: kwa ufahamu wake hawakuwa wamemuuzia mtu yeyote haki za mashine za gemu. Walichouza ni haki za kompyuta.

Wiki hiyo hiyo Stein naye alikuwa Moscow. Belikov akamwekea mbele marekebisho ya mkataba yaliyoongeza malipo na adhabu za kuchelewa kulipa, na katikati yake kulikuwa na maelezo mafupi ya maana ya kompyuta: kifaa chenye prosesa, skrini, kisomeo cha diski, kibodi na programu ya uendeshaji. Stein akasaini akiwa amekodoa macho kwenye vifungu vya fedha. Kwa mstari huo mmoja, mashine ya gemu inayochomekwa kwenye televisheni ilitolewa nje ya haki zake, na wote walionunua kwake wakawa wamenunua hewa. Nintendo ikasaini mwezi uliofuata.

Tengen walitoa katriji zao Mei 1989. Mwezi Juni mahakama ya Marekani ikawazuia. Malaki ya katriji zilizokwisha kutengenezwa, zikalipiwa na kufungashwa, zikaishia ghalani. Bidhaa ilikuwa nzuri. Wengi mpaka leo wanasema ilikuwa bora kuliko ya Nintendo. Haikuwa na hati. Pajitnov mwenyewe hakuanza kupata mrabaha mpaka mwaka 1996, haki zilipomrudia.

Tumeieleza kwa urefu kwa sababu mnunuzi wa Kariakoo au wa Musoma hukutana na mlolongo kama huo kila siku: mtu anauza "haki" au "leseni" aliyouziwa na mwingine aliyeuziwa na mwingine. Kinachotakiwa kuonekana ni karatasi ya mtu wa kwanza, na humo kuna mambo manne: chombo gani, nchi zipi, kwa miaka mingapi, na kwa matumizi gani.

JINA LA TIMU NALO NI MALI

Kibanda cha Buhare kinaishi kwa mpira. Hapo haki za pekee zinaonekana hata kwa mteja, kwa kuwa timu yake inaweza kupotea jina.

Kwa miaka mingi EA ya Marekani ilishikilia leseni ya Ligi Kuu ya Uingereza, na Konami ya Japani, wenye Pro Evolution Soccer, ikabaki kuiita Liverpool "Merseyside Red" na Chelsea "London FC". Mwaka 2019 Konami ililipiza: ilichukua haki za pekee za Juventus, na katika FIFA 20 timu ya Cristiano Ronaldo ikaitwa "Piemonte Calcio", na jezi ambazo Turin hawazijui. Juventus ilirudi EA kwenye FIFA 23. Ligi ya Mabingwa nayo ilikuwa kwa Konami hadi 2018, ikahamia EA kuanzia FIFA 19.

Kisha jina la FIFA lenyewe likaondoka. Gazeti la New York Times liliandika mwaka 2021 kwamba FIFA ilitaka zaidi ya dola bilioni moja kwa kila kipindi cha miaka minne. EA ilikataa, Mei 2022 wakatangaza kuachana, na Septemba 2023 gemu ile ile ikatoka kwa jina la EA Sports FC 24. EA ilihesabu kwamba wachezaji, klabu na ligi, ambao mikataba yao ni tofauti na ya FIFA, wana thamani kuliko herufi nne za juu ya boksi. Kwa maoni yetu ilihesabu sawasawa. Kijana wa Buhare anayelipia mechi anataka Arsenal na Manchester United; jina la shirikisho halimchezei.

Hesabu ya kibanda inaonyesha kwa nini hili si suala la wazungu peke yao. Tuseme mtaji wa kuanzia ni Shs. 600,000, mechi moja ni Shs. 500, na kwa siku zinachezwa mechi 20. Mapato ni Shs. 10,000. Umeme, kodi na posho ya kijana anayesimamia, tuseme, Shs. 5,000. Kinabaki 5,000, na mtaji unarudi kwa siku 120. Sasa gemu inayopendwa ihamie mashine ambayo wewe huna, na jirani yako anayo. Wateja wakipungua nusu, mapato ni Shs. 5,000 na matumizi bado ni 5,000. Faida haikupungua nusu. Imekwisha yote.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mashine hawalisemi. Leseni inayokuja na CD halali ya gemu kwa kawaida huruhusu matumizi ya nyumbani. Kuchezesha kwa malipo ni haki nyingine. Na CD ya kunakili haina haki yoyote: programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha pia COSOTA. Aidha, mwenye kibanda asichanganye biashara yake na ile inayosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Mteja akilipia mechi, hiyo ni gemu. Wateja wakianza kuwekeana dau mezani na wewe ukachukua chako, umehamia ofisi nyingine.

DUKA LISILOFIKA HUKU

Mashine mpya zinazidi kutegemea duka la mtandaoni, na hapa haki za nchi zinamgusa Mtanzania moja kwa moja. Mei 2024 Sony ilitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation Network. Ikabainika kwamba huduma hiyo haipo rasmi katika nchi zaidi ya 170, na gemu ikaondolewa kuuzwa huko. Tanzania haikuwa kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa. Wachezaji walilalamika kwa wingi duniani, Sony ikaondoa sharti la akaunti ndani ya siku chache, lakini orodha ya nchi haikubadilika kwa sababu ya kelele hizo.

Vijana wa mjini hufungua akaunti ya Marekani au Uingereza na kununua kadi za malipo kwa madalali. Inafanya kazi, ila masharti ya Sony yanataka mteja aandike nchi yake halisi. Akaunti ikifungiwa, gemu zote zilizonunuliwa ndani yake zinakwenda nayo, na hakuna CD ya kuuza upate hata nusu. Ndiyo maana tunamshauri mwenye mtaji mdogo ajihadhari na toleo la PlayStation 5 lisilo na tundu la CD, lililoanza kuuzwa Novemba 2020. Bei yake ni ya chini, na baada ya hapo unanunua kwenye dirisha moja tu, ambalo halikutambui.

ANAYETENGENEZA NAYE ASOME

Upande wa wanaotengeneza, Afrika Mashariki imeanza kuonekana. Nairobi kuna Usiku Games, ambayo mwaka 2022 iliungana na studio nyingine za Afrika katika umoja wa Pan Africa Gaming Group. Sony ilianzisha mfuko wa dola milioni 10 kwa ajili ya Afrika Oktoba 2023, na Januari 2024 ukaweka fedha kwa Carry1st ya Cape Town, mchapishaji wa gemu za simu. Kijana wa Mara anayejua kuandika programu anaweza siku moja kuletewa mkataba.

Aangalie kifungu cha kurudisha gharama. Tuseme mchapishaji anatoa kianzio cha dola 50,000, gemu inauzwa dola 20, duka linachukua asilimia 30, yaani dola 6. Zinabaki 14, na mkataba unasema nusu kwa nusu. Ikiwa kianzio kinarudishwa kutoka kwenye dola zote 14, mtengenezaji anaanza kupata mrabaha baada ya nakala 3,572. Ikiwa kinarudishwa kutoka kwenye fungu lake la dola 7 peke yake, anangoja nakala 7,143, na muda wote huo mchapishaji anaendelea kuchukua zake saba. Mikataba yote miwili juu ya karatasi inasema asilimia 50.

La pili ni masta. Watu wa Bongo Movie waliouza filamu zao kwa wasambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja waliona baadaye kazi zile zile zikionyeshwa kwenye televisheni na simu bila wao kuitwa. Haki ya simu iandikwe peke yake, ya mashine peke yake, ya nchi nyingine peke yake, na kila moja iwe na tarehe ya kurudi kwa mwenyewe. Mchapishaji anayekataa tarehe, aulizwe anaongeza kiasi gani.

KUTA ZINASHUKA

Kwa sasa mwelekeo wa soko unabadilika. Gharama za kutengeneza gemu kubwa zimepanda kiasi kwamba mashine moja haitoshi kuzirudisha. Sony ilianza kupeleka gemu zake kwenye kompyuta, Horizon Zero Dawn mwaka 2020 na God of War Januari 2022, japo baada ya miaka kadhaa ya kuzifungia. Microsoft imekwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilianza kutoa gemu zake kwenye PlayStation 5, Aprili 2025 ikapeleka Forza Horizon 5, na Oktoba 2025 ikatangaza kwamba hata Halo, iliyouza Xbox ya kwanza mwaka 2001, itatoka kwa mashine ya mpinzani. Nintendo peke yake bado imefunga mlango.

Kwa mnunuzi wa mitumba hii ina maana kwamba hoja ya zamani ya dalali, kuwa gemu fulani iko Xbox tu, haistahili kulipiwa nyongeza tena. Xbox ya mitumba inunuliwe kwa bei ya chuma chake. Kibanda cha mpira, kwa upande wake, hakina haraka ya PlayStation 5: EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025, ilitolewa pia kwa PlayStation 4, na kwa CD. Nayo eFootball ya Konami, iliyochukua nafasi ya Pro Evolution Soccer mwaka 2021, inachezwa bure kwenye simu ya kijana, nje ya kibanda, bila mtu kulipwa shilingi 500. Anayechukua mkopo wa kununua mashine wiki hii auweke mshindani huyo kwenye hesabu zake kabla ya jirani mwenye PlayStation.